Mbili Kutoka Shimoni

Jioni ile tulikuwa watano pale mashineni. Bosi, mwenye mashine. Mume wangu, msagishaji wake. Mama Pacha, mjane wa Fundi Sikio. Mimi. Na mwanangu wa miezi saba, niliyekuwa nimembeba mgongoni. Nawataja wote kwa sababu baadaye watu waliuliza sana, na kila aliyeuliza alianza na swali lile lile: mlikuwa wangapi?

Tulikuwa watano. Nimehesabu mara nyingi.

Nilikuwa nimekwenda kusaga kilo mbili za mahindi, unga wa mtoto. Mume wangu aliniambia nije saa kumi na mbili, wateja wakishapungua, ili asage yetu mwisho kabla hajafunga. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghala na mwanga uliobaki ulikuwa ule wa rangi ya chai hafifu. Nilipita dirishani kwa fundi viatu, nikamsalimu, akaniambia mtoto amenenepa. Siku ya kawaida kabisa.

Mashine ile ilikuwa kubwa. Nusu yake ilikuwa juu ya sakafu, pale unapomimina nafaka. Nusu nyingine ilikuwa chini, ndani ya shimo linalomtosha mtu mzima aliyeinama: mhimili, mikanda miwili na beringi zake. Shimo lilifunikwa kwa bati nene la chuma, na pembeni palikuwa na mlango mdogo wa kushukia. Fundi akiwa chini anatia grisi, wewe uliye juu humwoni. Unaona bati tu, na unga ulioanguka juu yake.

Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Kabla ya kuwasha, msagishaji hugonga bati mara tatu kwa spana. Kisha hunyamaza. Kama kuna mtu chini, mtu huyo hugonga mara mbili. Ukijibiwa mbili huigusi swichi, hata akuamrishe nani.

Aliyeuweka utaratibu huo alikuwa Fundi Sikio. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye beringi na mpini wake sikioni, akasikiliza huku amefumba macho, kama daktari. Alikuwa na miezi miwili tangu azikwe.

Niseme kitu juu yake. Siku ya kwanza nilipokwenda mashineni na mtoto mchanga, hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake la vifaa, akanyofoa pamba vipande viwili, akamwekea mtoto masikioni kwa vidole vyake vyeusi kwa grisi.

"Samahani, shemeji," akasema. "Salamu inaweza kungoja. Ngoma ya sikio haingoji."

Tangu siku hiyo, kila nikija, pamba ilikuwa tayari.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini yeye alinieleza mambo nikayaelewa. Alisema sauti ni kutetemeka tu, kitu kimoja kinatikisika, kinakitikisa cha pili, cha pili kinakitikisa cha tatu, mpaka inafika sikioni. Alisema kila kitu duniani kina mtetemo wake. "Ni kama mtoto kwenye bembea," aliniambia. "Ukimsukuma ovyo, haendi popote. Ukimsukuma kwa wakati wake, kidogo kidogo, anaruka juu. Chuma pia. Ukiupata wakati wake, kinavunjika bila kupigwa." Akanionyesha ule unga juu ya bati, jinsi mashine ikizunguka unavyojipanga mistari mistari kama umechorwa. "Unga unakimbia mtetemo, shemeji. Unakwenda kukaa palipotulia. Nikitaka kujua bati limeshikwa wapi, nautazama unga."

Yule ndiye aliyefia shimoni. Mkanda ulimshika. Bosi alisema fundi alishuka bila kumwambia mtu. Alimpelekea mjane gunia moja la unga, pole ya msiba.

Unga wa mashine ile ile.

Tangu hapo mume wangu hakuwa mtu wa kukaa naye. Nikigonga mwiko ukingoni mwa sufuria, anasimama. Mtoto akipiga kijiko sakafuni, anatoka nje. Niliona ni huzuni. Walikuwa marafiki, nikampa nafasi yake.

Basi jioni ile niliingia nikamkuta Mama Pacha amekaa juu ya magunia matupu. Alikuwa akija karibu kila siku, anakaa, hasemi kitu, wakifunga anaondoka. Nilikuwa nimezoea kumletea maji. Nikampa kikombe, akanywa, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pacha hawajambo, dada?"

"Hawajambo. Wanamuuliza baba yao."

Mapajani alikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa. Nilikitambua kwa umbo lake. Spana ya Fundi, ile aliyokuwa nayo shimoni.

Bosi aliingia akipiga makofi, kama kawaida yake.

"Haya, haya! Lori linakuja alfajiri na magunia ishirini hayajajaa. Washa tumalize." Kisha akamwona mjane. "Na wewe, mama, hapa si kituo cha basi."

"Nasubiri," Mama Pacha akasema.

"Unasubiri nini?"

"Zamu yangu."

"Nafaka yako iko wapi?"

"Sikuleta nafaka."

Bosi alicheka peke yake. Mashine ya kukoboa ya upande wa pili, ile ya dizeli, ilikuwa imeshazimwa. Palikuwa kimya. Nilisikia hadi pumzi za mtoto shingoni kwangu.

Mume wangu alichukua spana yake, akainama, akagonga bati.

Ko. Ko. Ko.

Akanyamaza. Sote tulinyamaza.

Ko… ko.

Ilitoka chini. Haikuwa na haraka. Na sikuisikia tu, niliiona, kwa sababu unga juu ya bati uliruka mara mbili, kama mtu amelipiga kwa ndani.

Mume wangu alisimama pole pole. Nilimwona akituhesabu kwa macho. Bosi. Mjane. Mimi. Mtoto.

"Nimejibiwa," akasema.

"Umejibiwa na nani? Wote si tuko hapa? Ni mwangwi huo. Washa."

"Nimegonga tatu, Bosi."

"Na zimerudi."

"Mwangwi wa tatu ni tatu." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Siku ile pia nilijua. Siku ile pia zilirudi mbili."

Mama Pacha aliinua kichwa.

"Funga mdomo wako," Bosi akasema.

Lakini mume wangu alikuwa ameshaanza, na nadhani hata angetaka asingeweza kuacha. Alisema siku ile mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma pamoja na jenereta. Mbio zao zilikaribiana lakini hazikuwa sawa, kwa hiyo kelele ilikuwa ikipanda na kushuka, wuuu… wuuu… Kuna kitambo zinasaidiana mpaka banda linatikisika, na kuna kitambo zinauana mpaka unaweza kusikia mtu akikohoa.

"Ilikuwa kwenye kile kitambo cha kimya," alisema. "Nilisikia mbili. Nilikwambia, Bosi. Ulikuwa umesimama hapo hapo ulipo. Na wewe ulisikia, nilikuona umegeuka. Ukasema ni mwangwi, washa, kama huwashi wapo wanaoitaka kazi. Nikafikiria mtoto wangu. Nikawasha."

Akamgeukia mjane.

"Mimi ndiye niliyeshika swichi, shemeji."

Miezi miwili nilikuwa nikimpakulia chakula mtu huyu. Miezi miwili anakula na neno hilo liko kooni. 

Mama Pacha hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama anauliza bei ya kitu.

"Aligonga kwa nguvu?"

"Hapana."

"Aligongaje?"

Mume wangu alifunika uso. "Taratibu. Kama mtu anayejua atasikika."

Hapo ndipo niliposikia harufu. Grisi inayoungua, na mpira wa mkanda uliopata moto. Mashine ilikuwa haijawashwa tangu saa tisa, wateja wa jioni walikuwa wa kukoboa tu.

Bosi naye aliisikia. Nilimwona akipanua pua. Lakini alikuwa mtu wa kushindana, na mtu wa kushindana haogopi akiwa anatazamwa. "Mnanifanyia mchezo," akasema. "Kuna panya, au kuna mtu mmemficha. Nashuka mwenyewe. Nikirudi juu, wewe kazi huna, na huyu mama hakanyagi hapa tena."

Akachukua tochi. Mume wangu alikwenda ukutani akateremsha swichi kuu. Taa zote zikazimika, ukabaki ule mwanga wa mlangoni. Nililiona hilo kwa macho yangu, nitaapa popote. Swichi kuu ilikuwa chini.

Bosi akashuka.

Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi ya chuma. Kisha sauti yake kutoka chini, nene, kama inatoka ndani ya pipa. "Hakuna mtu! Mnaona? Hakuna kitu!"

Mama Pacha alisimama. Alifungua kitambaa. Akatembea hadi kwenye bati, akapiga magoti vizuri, akagonga kwa spana ya mumewe.

Ko. Ko. Ko.

"Nani anagonga?" Bosi aliuliza.

"Jibu, Bosi," Mama Pacha akasema. "Utaratibu unaujua."

"Acha ujinga, mwanamke."

"Jibu."

Kisha tulimsikia akiipiga tochi kiganjani, mara moja, mara mbili. Ilikuwa imezima. Akaanza kupumua kwa nguvu. "Kuna… Msagishaji! Kuna mtu humu. Kuna mtu amesimama nyuma yangu."

Mume wangu alikimbilia mlango mdogo.

"Jibu," Mama Pacha akasema tena, taratibu, mdomo wake karibu na bati.

Ko-ko! Bosi alipiga kwa ngumi. Ko-ko! Ko-ko!

Mama Pacha alitikisa kichwa.

"Ni mwangwi tu," akasema.

Akainuka, akaenda kwenye swichi kuu.

Sikufikiri. Nilijirusha mbele yake na mtoto mgongoni, nikamshika mikono yote miwili. Spana ikaanguka sakafuni. Mikono yake ilikuwa baridi, na yenye nguvu kuliko yangu.

"Niachie, mdogo wangu."

"Sikuachii, dada."

"Alimwekea mwanao pamba."

"Ndiyo."

"Kwa vidole vyake."

"Ndiyo, dada."

"Basi niachie."

Nitasema ukweli. Watu wananiita mwenye huruma, na mimi mwenyewe nilijiona hivyo. Lakini kwa muda wa pumzi moja nililegeza. Nilimfikiria Fundi chini kule, amegonga zake mbili taratibu, anafuta mikono, anangoja kuambiwa apande. Nikataka yule mtu wa chini asagike. Nilitaka kweli. Ladha yake niliisikia ulimini, kama chuma.

Kisha nikakaza tena. Sikukaza kwa ajili ya Bosi. Nilimwambia sikioni, "Pacha watalala na nani, ukifungwa?"

 Akaniegemea, akalia bila sauti, mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya yangu.

Na mashine ikaanza kuzunguka.

Ilianza miguuni, kabla ya kusikika. Nyayo zangu ziliwasha. Kisha spana iliyoanguka ikaanza kuvuma peke yake juu ya sakafu, mmmmm, kama nyuki ndani ya chupa. Kisha mkanda, fap… fap… fap… Kisha ukuta. Kisha ile sauti ya kupanda na kushuka, wuuu… wuuu… sauti ya mashine mbili, na iliyokuwa ikizunguka ni moja.

Swichi kuu ilikuwa mbele yangu, umbali wa mkono. Ilikuwa chini. Hakuna aliyeigusa.

Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi mlangoni pa shimo, ameingiza mikono yote, anavuta. "Nipe mkono! Na wa pili! Nimekushika!" Bosi alikuwa akipiga kelele, lakini kelele zake zilikuwa zinakatika katika. Kila sauti ikipanda, meno yake yaligongana ndani ya kinywa kiasi kwamba tuliyasikia juu. Meno yangu hayakugongana. Ya Mama Pacha pia hapana. Mtetemo ule ulikuwa umemtafuta mtu mmoja ukampata, na sasa ulikuwa unamsukuma kwa wakati wake, kidogo kidogo.

Nilihesabu, sijui kwa nini. Nilifika kumi na tisa.

Ikanyamaza.

Mume wangu alimtoa Bosi akamlaza sakafuni. Hakuwa na jeraha hata la kucha. Nguo hazikuchanika. Alitutazama mmoja mmoja, tukasogeza midomo kumsemesha, na ilionekana wazi kwamba hasikii neno hata moja.

Nilimshusha mtoto mgongoni haraka nimwangalie. Alikuwa amelala fofofo. Nikagusa sikio lake, nikahisi kitu laini.

Pamba. Masikio yote mawili.

Sikuwa nimemwekea. Nyumbani kwangu hakukuwa na pamba. Niliitoa nikaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa na alama nyeusi za grisi, bado mbichi.

Mama Pacha aliichukua mkononi mwangu. Aliinusa muda mrefu. Kisha akaifunga kwenye pindo la nguo yake, na sikumwomba anirudishie.

Kabla hatujatoka nilitazama bati. Unga wote ulikuwa umekimbilia pembeni, isipokuwa sehemu mbili katikati. Pale ulikuwa umetulia, nadhifu, haukutikisika hata chembe. Umbo la kiganja na vidole vitano. Na jingine kando yake. Kama kuna mtu aliyekuwa chini muda wote ule, amelishika bati kwa mikono miwili iliyofunguka.

Mikono ya Bosi ilikuwa ndani ya mikono ya mume wangu.

Kesho yake aliletwa fundi wa umeme kutoka mbali, asiyetujua. Alipima nyaya, akapima mota. Alisema inawezekana gurudumu zito lilikuwa limekaa vibaya, mtu akakanyaga mkanda, likajizungusha kwa uzito wake. Hutokea, alisema. Mzunguko mmoja, miwili. Na huyo mzee masikio yake huenda yalikuwa mabovu zamani, kazi ya mashine huyala masikio.

"Ilizunguka kwa muda gani?" akaniuliza.

"Nilihesabu kumi na tisa."

Alinitazama. Akarudisha vifaa vyake mkobani kimoja kimoja, akasema atapiga simu. Hakupiga.

Bosi hakusikia tena sauti ya binadamu. Lakini mkewe, ambaye hana kosa lolote na ambaye alikuwa akinipa nguo za wanawe zikiwabana, aliniambia kuna kitu alikuwa anakisikia. Anakaa mezani, ghafla anashtuka, anagonga meza mara mbili. Anapumzika. Anashtuka, anagonga ukuta mara mbili. Usiku kucha anagonga ubao wa kitanda. Walimfunga mikono kwa vitambaa, akagonga kwa kichwa. Ukimwandikia kwenye karatasi, unagonga nini, baba, anajibu kwa maandishi: nisipojibu atawasha.

Alikufa katika mwezi wa nne tangu jioni ile. Mkewe alisema vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimekwisha nyama.

Nilipopewa habari hizo nilikuwa nafua. Niliendelea kufua. Sikulia, na sikufurahi pia, ingawa nilijaribu yote mawili.

Mume wangu hakungoja kufuatwa. Jumatatu iliyofuata jioni ile alivaa shati lake safi, akambusu mtoto, akaenda mwenyewe kituo cha polisi akaeleza aliyoyasikia na aliyoyafanya. Alifungwa miaka minne. Sasa anatumikia wa pili.

Gereza liko mbali, na njia yake niliionyeshwa na Mama Pacha, aliyekuwa ameshafika hadi getini kabla yangu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda pamoja. Mimi naingia. Yeye hubaki nje ya geti na mwanangu; kumwona mume wangu bado hawezi, na kuniacha niende peke yangu pia hataki.